Biashara ikae wapi: kanuni za matangazo kwenye jumuiya ya programu huria

Jumuiya ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, ikishavuka wale waanzilishi wanaojuana kwa majina, tangazo la kwanza haliko mbali. Siku moja mtu asiyejulikana anaweka kwenye kundi picha yenye bei za kuhifadhi tovuti, punguzo mpaka mwisho wa mwezi, na namba ya kupiga. Nusu ya watu wanakasirika, nusu nyingine wanaulizia bei. Maadmini wanaandika "MATANGAZO MARUFUKU", wanamtoa yule mtu, na tatizo linaonekana limeisha. Halijaisha. Mwezi unaofuata mdhamini wa mkutano anasimama mbele ya watu hao hao nusu saa nzima akiuza huduma ile ile, na hakuna wa kumkatisha kwa sababu ndiye aliyelipia ukumbi na soda.

Mimi ni mmoja wa waandaaji wa kikundi cha hapa Dar es Salaam. Wengi wetu tunafanya kazi na WordPress, programu huria ya kutengeneza tovuti, wachache na Django, ya kuandikia mifumo ya mtandaoni kwa lugha ya Python, na tunakutana Jumamosi maeneo ya Kijitonyama kufundishana na kutafsiri. Kipato changu kinatokana na kutengeneza tovuti za shule na za kampuni za utalii, kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote mbili: ninalinda jukwaa, na mimi mwenyewe ni mfanyabiashara ninayelihitaji. Nimeandika kwa ajili ya yeyote anayeendesha kikundi cha namna hii, awe Mwanza, Mombasa au Bujumbura, anayetaka kanuni ambazo watu watazifuata bila kikundi kupoa.

Kwanza, mkubaliane kwamba biashara si uchafu

Kabla hamjaandika mstari hata mmoja, waandaaji kaeni chini muelewane hapa, maana mkipishana hapa mtapishana kila mahali. Programu huria haijawahi kumkataza mtu kupata riziki. Mwaka 1985 Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alikuwa akiuza kanda zenye GNU Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150 baada ya kuacha kazi chuo cha MIT. Leseni ya GPL, inayotaka msimbo wa programu ubaki wazi hata ikisambazwa tena, inaruhusu kuuza. Miongozo ya 1997 ya Debian, mradi unaosambaza mfumo huria wa kompyuta wa Linux, inayoeleza programu gani ihesabiwe kuwa huria, inasema katika kipengele cha sita kwamba leseni isibague shughuli yoyote, na biashara imetajwa pale waziwazi. Red Hat, kampuni iliyokua juu ya Linux, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

Kwetu huku jambo lenyewe liko karibu zaidi. Watu wanaokesha wakitafsiri maneno ya WordPress kwa Kiswahili ndio hao hao ambao Jumatatu asubuhi wako kwa mteja wanadai malipo ya awali. Ukimkataza mtu huyo asiseme kabisa anafanya kazi gani, unamwomba achangie muda wake halafu ajifiche. Atachoka, na utampoteza mchangiaji bora uliyekuwa naye.

Kanuni ya "marufuku" ina ubaya mwingine: inamwangukia mdogo peke yake. Kijana anayeandika "narekebisha tovuti zilizovamiwa, nipo Mbagala" anatolewa siku hiyo hiyo. Kampuni yenye idara ya masoko haiandiki hivyo. Inaleta mada yenye kichwa kizuri, inaleta fulana, inaleta mtu anayejua kuongea, na tangazo linapita mlangoni likiwa limevaa suti. Kwa hiyo lengo la kanuni liwe kuipa biashara mahali pake na kipimo chake, na kipimo hicho kiwe kimoja kwa wote.

Kipimo: asiyenunua anaondoka na nini?

Hili ndilo swali ninalolishikilia kuliko mengine yote. Mtu akileta mada, makala au hata ujumbe mrefu kwenye kundi, mfikirie mwanachama ambaye hana hela ya kununua chochote. Mwanafunzi wa chuo, laptopu ya kuazima, bando la kuhesabu. Baada ya kusikiliza, ana kitu mkononi anachoweza kukifanya leo usiku? Akiwa nacho, mada ipite, hata kama mtoa mada ana kampuni. Akiwa hana, hilo ni tangazo, hata kama bei haikutajwa.

Nitoe mfano mmoja kwa undani, kwa sababu watu wengi wanakubali kipimo hiki kwa maneno halafu wanashindwa kukitumia.

Kaka mmoja anayefanya kazi kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti alituletea pendekezo la mada kuhusu bekapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti. Pendekezo lilianza na takwimu za kutisha kuhusu uvamizi, likaja na picha tatu za paneli ya kampuni yake, likaeleza kwamba mteja akibonyeza kitufe kimoja tovuti inarudi, likaishia na vifurushi vitatu vya bei. Tungeweza kulikataa. Badala yake nilimpigia simu, nikamuuliza: "Kaka, wewe mwenyewe kazini, kabla ya hicho kitufe kuwepo, ulikuwa unafanyaje?" Akaanza kunieleza. Alieleza jinsi anavyotoa hifadhidata kwa amri ya wp db export, jinsi anavyoipanga cron, programu inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyoipangia, iifanye kazi hiyo saa nane usiku wakati wageni wa tovuti ni wachache, kwa nini nakala isikae kwenye seva ile ile iliyo na tovuti, na jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulifanyi kabisa: kuijaribu nakala kwa kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu bekapu ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ni bekapu. Nikamwambia hiyo ndiyo mada yako, andika hivyo hivyo ulivyoniambia.

Aliiandika upya. Jina la kampuni likabaki kwenye slaidi ya kwanza na ya mwisho, vifurushi vikaondoka, na zile picha za paneli zikabaki moja, mwishoni, akiwa amesema wazi kwamba hiyo ni kwa asiyetaka kufanya mwenyewe. Mwanafunzi asiye na hela aliondoka na amri nne alizoandika kwenye daftari. Na kampuni haikupoteza kitu, kwa sababu mwenye hoteli aliyekuwa amekaa nyuma aliona kazi yote ile na kuamua kuwalipa.

Fanyeni hivyo. Pendekezo likinuka mauzo, msilikatae kwanza. Mtafuteni fundi aliye ndani yake. Ukimuuliza mtu "unafanyaje" badala ya "mnauza nini", mada inabadilika yenyewe.

Kuna mahali kipimo hiki kinasumbua, nako ni kwenye plagini, zile programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo, zenye toleo la bure na toleo la kulipia. Mtoa mada anaanza vizuri na la bure, halafu katikati, pale penye utamu, anahamia kwenye la kulipia. Sisi tumekubaliana hivi: anayetaka kuonyesha hatua inayohitaji malipo aseme tangu mwanzo ni hatua ipi na inagharimu kiasi gani, na mada isimame yenyewe bila hatua hiyo. Kuhusu leseni tunafuata desturi ya WordCamp, mikutano ya jumuiya ya WordPress duniani, ambako mtoa mada, mdhamini na mwandaaji anayesambaza plagini au violezo vya WordPress anatakiwa avitoe chini ya GPL, vyote, si nusu. Mtu anayeuza plagini yenye msimbo uliofungwa tunamkaribisha kujifunza, ila hapati jukwaa wala meza.

Sema unalipwa na nani

Mtu akisifia programu fulani, msikilizaji ana haki ya kujua kama msifiaji anakula hapo. Hilo tu. Halimzuii kusifia.

Jumuiya iliyolifanyia kazi jambo hili vizuri, na ambayo wengi wetu Dar tumeigusa, ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Hapa mjini vijana walichora ramani ya Tandale mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata nyingi kuchora mitaro, njia na nyumba kwa ajili ya mafuriko. Ramani hiyo hiyo wanaihariri pia wafanyakazi wanaolipwa na kampuni kubwa kama Apple, Amazon na Meta. OpenStreetMap haikuwafukuza. Mwaka 2018 ilitoa miongozo ya uhariri wa makundi: kundi linalolipwa au linaloelekezwa na mwajiri lijitambulishe, liseme linachora nini, wapi, kwa chanzo kipi, na liwasiliane na wenyeji kabla ya kuanza. Anayejitolea akiona uhariri wa ajabu kwenye mtaa wake, anajua amuulize nani.

Kwenye kikundi chenu sentensi moja inatosha, iwe ya kwanza kabisa: "Nafanya kazi kwenye kampuni inayouza huduma hii," au "Nimelipwa kuandika haya," au "Programu hii ni yangu." Isiwe mwishoni, wala isiwe kwa maandishi madogo kwenye slaidi ya shukrani. Na iwahusu pia walio kwenye miradi ya wafadhili. Mtu wa mradi anayekuja kupiga picha na bango la mfadhili, akieleza mafanikio ya mfumo bila kumwonyesha mtu yeyote mfumo unavyofanya kazi, anatangaza kama muuza seva anavyotangaza. Tumezoea kuwaachia kwa sababu hawatozi bei. Kipimo ni kile kile: asiye kwenye mradi wao anaondoka na nini?

Tangazo lipewe siku yake

Tangazo lisilo na mahali linaingia kila mahali. Sisi tulilitengea siku ya Ijumaa, jioni. Mwanzoni ilikuwa Ijumaa kutwa, ila matangazo yakawa yanamiminika saa za swala, wenzetu wakitoka msikitini wanakuta ujumbe umejaa na swali la mtu aliyekwama limezama chini kabisa. Sasa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi usiku. Kwenye mkutano wa Jumamosi, mwishoni, kila mwenye huduma au kazi anapewa dakika moja, amesimama, bila slaidi. Dakika moja ni ndefu kuliko mnavyodhani, na bila slaidi mtu anajikuta anasema jambo la maana.

Tangazo liwe na vitu vinavyojulikana: unauza nini, bei au kiwango cha bei, uko mji gani, programu gani huria imehusika na kwa leseni ipi, na namna ya kukupata. Tangazo lisilo na bei linarudishwa kwa mwenyewe. "Njoo inbox" haikubaliki. Watu wazima wanaojadiliana msimbo waziwazi wanaweza kujadiliana na bei waziwazi.

Kazi za kuajiriwa tunaziruhusu siku yoyote, kwa sharti moja zito: mshahara au malipo yaandikwe. Kazi isiyotaja malipo inasubiri Ijumaa, na isiyolipa kabisa iitwe kujitolea kwa jina lake, siyo "fursa". Nimeona vijana wengi wakifanya tovuti nzima kwa ahadi ya "kujulikana", na sitaki mahali ninapopasimamia pawe ndipo wanaponaswa.

Upatu, sarafu za mtandaoni na "wekeza elfu kumi" hayajadiliwi. Yafutwe.

Wadhamini

Hapa ndipo vikundi vingi vinapouzwa bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mdhamini anataka vitu vitatu: jina lake lionekane, apate jukwaa, na apate namba za simu za waliokuja. La kwanza mpeni kwa moyo mweupe. Nembo kwenye bango, asante mwanzoni na mwishoni, meza yake karibu na chai. Ukumbi ni gharama, intaneti ni gharama, na anayetoa anastahili kushukuriwa kwa jina.

Namba za simu msitoe kamwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Mtu aliyejiandikisha kuja kusikiliza mada hakukubali kupigiwa simu na idara ya mauzo. Mdhamini aweke daftari mezani kwake, anayetaka ajiandike mwenyewe. Daftari la hiari lina majina machache, lakini ni ya watu wanaotaka kweli, na mdhamini mwenye akili analiona hilo baada ya mara moja.

Jukwaa ndilo lenye ugomvi. Kanuni yetu: mada zinachaguliwa kwanza, udhamini unafunguliwa baadaye. Ratiba ikishatangazwa hakuna cha kuuza ndani yake. Mikutano mikubwa ina njia nyingine, kwa mfano PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa Python, ina vipindi vya wadhamini vilivyotengwa na kuandikwa hivyo kwenye ratiba, msikilizaji anaingia akijua. Mkiwa na vyumba viwili, hiyo ni njia safi. Mkiwa na chumba kimoja, kama sisi, kipindi cha mdhamini kinawakamata watu wote, kwa hiyo kisiwepo.

Maongezi yenyewe huwa hivi. Afisa masoko wa kampuni moja aliniandikia:

"Dada habari za leo. Tuko tayari kulipia ukumbi na chakula chote. Bosi anaomba tu zile dakika ishirini za mwanzo, watu wakiwa bado hawajachoka."

Nikamjibu: "Salama kaka, tunawashukuru sana, na bosi mfikishie salamu. Dakika za jukwaani hatuuzi, hata sisi waandaaji hatujiuzii. Ila tuna ombi: mtuletee fundi wenu, yule anayeamka usiku seva ikianguka. Aandike mada, ipite kwenye kamati kama za wengine. Nembo yenu, meza na shukrani viko palepale, mada ipite isipite."

Alikaa siku kadhaa kimya. Nilijiandaa kutafuta ukumbi wa bure. Kisha akaja fundi wao, dada mpole asiyependa kipaza sauti, akaeleza kwa nini barua pepe za kampuni nyingi za hapa nchini zinaishia kwenye spamu: rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa, hazijawekwa, au zimewekwa mara mbili zikagongana. Akafungua kikoa cha mtu aliyejitolea, akarekebisha mbele yetu. Maswali hayakuisha hata mlinzi alipokuja na funguo. Kampuni ile ilipata kwa fundi mmoja sifa ambayo dakika ishirini za bosi zisingeileta.

Jambo moja zaidi kuhusu hela: mdhamini mmoja asibebe gharama yote. Akibeba yote, hata bila kusema neno, waandaaji wataanza kumwogopa. Ni afadhali wadogo watatu, mmoja ukumbi, mmoja chakula, mmoja stika na bando, na waliobaki wachange kwa simu kiasi cha nauli ya daladala. Mkutano wa chai na mihogo ulio huru ni mkutano kamili.

Mkubwa na mdogo wahesabiwe sawa

Kampuni yenye wafanyakazi kumi kwenye kundi inaweza kuweka matangazo kumi kila Ijumaa, na kila mmoja akawa hajavunja kanuni. Andikeni basi: tangazo moja kwa mwezi kwa biashara moja, bila kujali ina watu wangapi. Fundi anayejitegemea ni biashara moja. Kampuni ya ghorofa tatu ni biashara moja.

Halafu mfungue mlango ambao mtu anaweza kuupita mara nyingi atakavyo, nao ni mchango. Drupal, programu nyingine huria ya kutengeneza tovuti, walifanya hivi tangu 2015: kila tatizo linapofungwa, waliosaidia wanaandikiwa sifa, na wanaweza kuonyesha kampuni iliyowapa muda wa kufanya kazi hiyo. Orodha ya kampuni kwenye tovuti ya Drupal inazingatia sifa hizo. Kampuni inayotaka kuonekana inajua la kufanya: iwape mafundi wake saa za kuchangia.

Sisi hatuna mfumo wa namna hiyo, tuna karatasi. Kila mkutano unaanza kwa kusoma nani ametafsiri maneno kwenye translate.wordpress.org tangu tulipoonana, nani ameripoti hitilafu, nani ameandika mwongozo, na kama mwajiri wake ndiye aliyempa muda, mwajiri anatajwa. Inachukua dakika chache. Nimeona mkurugenzi wa kampuni ndogo akikaa mbele makusudi ili asikie jina la kampuni yake likisomwa, na wiki iliyofuata vijana wake wawili wakawa wanatafsiri saa za kazi. Hilo ni tangazo, na nalipenda, kwa sababu limelipiwa kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakitumia.

Maneno ya kanuni

Yawe mafupi, yaonekane yote kwenye skrini ya simu bila kuvuta. Haya ni yetu, yachukueni, yabadilisheni mnavyotaka:

"Karibu. Hapa tunajifunza na kuchangia programu huria. Biashara inaruhusiwa, kwa utaratibu. Ukizungumzia kitu unachouza au unacholipwa kukisema, anza kwa kusema hivyo. Mada na ujumbe wa kufundisha umsaidie hata asiyenunua. Matangazo ni Ijumaa kuanzia saa 11 jioni, moja kwa mwezi kwa kila biashara, yakiwa na bei. Kazi zenye malipo yaliyoandikwa ni siku yoyote. Usimfuate mwanachama inbox kumuuzia bila yeye kuomba. Ukiona kimekosewa, waambie waandaaji, usigombane kwenye kundi."

Ule mstari wa inbox uwekeni hata kama mengine mtayaacha. Kuna watu hawatangazi kundini hata siku moja. Wanakusanya namba za wanachama kisha wanawafuata mmoja mmoja usiku, na wanawake ndio wanaosumbuliwa zaidi. Anayefanya hivyo kwetu anatoka mara ya kwanza, bila onyo.

Kusimamia bila kuvunjiana heshima

Wasimamizi wawe angalau wawili, wa waajiri tofauti. Tangazo likihusu utengenezaji wa tovuti, mimi siamui, anaamua mwenzangu, kwa sababu huyo anayetangaza ananigombania wateja. Likihusu mafunzo, yeye anakaa pembeni kwa sababu anafundisha. Wanachama waliambiwa hivyo waziwazi, na malalamiko ya upendeleo yalipungua sana.

Ujumbe ukikosea, uondoe, na hapo hapo mwandikie mwenyewe faragha. Usimkosoe mbele za watu. Wangu uko hivi: "Habari ndugu, nimeuondoa ujumbe wako wa leo kwa sababu ni tangazo na leo ni Jumanne. Haujapotea: uweke Ijumaa jioni, ongeza na bei. Ukiwa na swali niko hapa." Wengi wanajibu asante. Akirudia, anaambiwa tena akielekezwa kanuni. Akiendelea, anatolewa, na wasimamizi wote wawili wanakuwa wamekubaliana. Tuna daftari dogo la pamoja tunapoandika tarehe, kilichoondolewa na sababu, maana kumbukumbu ya mtu inawapendelea marafiki zake.

Kesi ngumu si ya mgeni. Ni ya mtu mnayemheshimu. Kwetu alikuwepo mwalimu, mtu mzima, aliyewafundisha wengi wetu kuandika msimbo, ambaye alianza kuweka tangazo la kozi yake ya kulipia karibu kila siku. Hakuna kijana aliyeweza kumgusa, wala mimi nisingemwandikia ule ujumbe wangu wa "habari ndugu". Mtu wa namna hiyo hatumiwi ujumbe, anafuatwa. Tulimwomba mwanachama wa rika lake aende naye kunywa chai, na mimi nikaenda baadaye. Nilimwamkia, tukaongea habari za nyumbani, ndipo nikamwambia: "Mwalimu, vijana wakiona wewe unaweka kila siku, nao wanasema mbona mwalimu anaweka. Tunashindwa kuwazuia." Sikumtajia kanuni. Hakufurahi, na kwa muda alikuwa kimya kundini, jambo lililotuuma. Aliporudi alileta mazoezi ya sura ya kwanza ya kozi yake, ameyatoa kwa leseni ya Creative Commons, yeyote ayatumie. Tangazo la kozi linakuja Ijumaa, mara moja kwa mwezi.

Kuna na wale wanaoandika wakiomba muweke linki ya makala yao kwa malipo. Makala zenyewe ukizisoma hazifundishi kitu, zimeandikwa ili injini za kutafuta zione linki. Jibu ni hapana, hata kama dola zinavutia mkiwa hamna hela ya ukumbi.

Na mtu akitaka kutumia jina la programu kwenye jina la biashara yake, mwelekezeni kwenye sera ya alama ya biashara kabla hajachapisha bango. WordPress Foundation, iliyoanzishwa 2010 na inayomiliki alama ya WordPress, hairuhusu neno hilo kwenye jina la kikoa cha mtu mwingine. Ni huruma kumwambia mtu mapema kuliko kumwacha alipie kikoa, fulana na kadi, kisha aambiwe abadilishe.

Kanuni zikishaanza kufanya kazi, zipitieni kila baada ya miezi sita mkiwa na lile daftari mbele yenu. Angalieni nani anaondolewa zaidi. Wakiwa wengi ni wadogo na wageni, kanuni au wasimamizi wana tatizo, rekebisheni. Kila badiliko liandikwe chini ya kanuni pamoja na tarehe na sababu yake. Pale kwetu panaonekana kwa nini Ijumaa inaanza saa kumi na moja, na nani aliyeomba iwe hivyo.